Kamera juu ya helmeti: uchambuzi wa ajali ya Schumacher pale Méribel

Jumapili ya 29 Desemba 2013, saa tano na dakika saba asubuhi, Michael Schumacher alianguka akiteleza kwa skii kwenye theluji ya mlima wa Méribel, mashariki mwa Ufaransa, akagonga kichwa kwenye mwamba. Huyu ndiye Mjerumani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Formula One mara saba. Alikuwa ameuacha usukani mwaka mmoja tu nyuma, na zilibaki siku tano atimize miaka 45. Alikuwa likizoni na familia, akiteremka mlima pamoja na mwanawe wa miaka 14 na marafiki. Alivaa helmeti, na juu ya helmeti ile palifungwa kamera ndogo, ya aina ambayo watalii wa theluji huinunua ili wakirudi nyumbani wawaonyeshe ndugu namna walivyoteremka.

Nakichambua kisa hiki kwa upande wa kamera peke yake. Kuhusu dereva, mkewe na hospitali yameandikwa mengi. Kuhusu kamera, watu wengi wanakumbuka neno moja tu, kwamba "kamera ndiyo iliyomuumiza". Neno hilo halijathibitishwa popote. Kazi ambayo kamera ile iliifanya kweli, na ikaelezwa hadharani na mwendesha mashtaka, haina anayeizungumzia. Nadhani mambo haya mawili yametupwa kapu moja kwa miaka mingi, na anayepanga kubeba kamera kwenda kwenye skii anastahili kupewa kila moja peke yake.

Mahali penyewe

Méribel ni sehemu ya Les Trois Vallées, mabonde matatu yaliyounganishwa kwa mitambo ya kupandisha watu mlimani, yenye takriban kilomita 600 za njia za kuteleza. Nchini Ufaransa njia hizo hupangwa kwa rangi: kijani kwa anayeanza, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi kwa waliokomaa. Kando kando husimamishwa nguzo. Ndani ya nguzo, theluji hushindiliwa kwa mashine usiku na hatari hukaguliwa kabla ya kufungua asubuhi. Nje ya nguzo, mlima uko kama Mungu alivyouumba.

Schumacher alitoka kwenye njia akaingia kipande kisichoshindiliwa, kati ya njia ya bluu iitwayo Biche na njia nyekundu iliyo jirani. Hakwenda mbali, mita chache tu. Mtu aliyesimama njiani angeweza kuzungumza naye bila kupiga kelele. Theluji ya msimu ule haikuwa nene, na miamba ilikuwa karibu na juu. Ski zake, zile mbao ndefu za miguuni, zikakwaa mwamba, akarushwa mbele, kichwa kikatua kwenye mwamba mwingine chini kidogo. Helmeti ikapasuka. Helikopta ikamchukua, kwanza hadi Moûtiers, kisha hospitali kuu ya Grenoble, ambako alifanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili katika siku za mwanzo na kuwekwa katika usingizi wa dawa.

Uvumi wa siku kumi

Kati ya ajali na maelezo rasmi zilipita siku kumi, na katika siku hizo kila pengo lilijazwa. Magazeti yalitaja kasi kubwa, kwa sababu ni mtu wa langalanga na ilionekana ni jambo la kutarajiwa. Wengine walishuku ski za kukodi. Wengine wakauliza kama wenye mlima walikuwa wameweka alama za kutosha. Msemaji wake, Sabine Kehm, alieleza kwamba hakuwa akienda kasi, na kwamba muda mfupi kabla ya kuanguka alikuwa amemsaidia rafiki aliyeanguka. Lakini msemaji ni mtu wa familia, na neno la familia katika hali kama hiyo husikilizwa nusu.

Hapo ikazuka kamera ya pili. Gazeti la Ujerumani, Der Spiegel, liliandika kwamba kuna mtalii aliyekuwa akimrekodi mpenzi wake kwa simu, na nyuma kabisa ya picha akaonekana Schumacher akiteleza taratibu. Habari hiyo ilizunguka dunia. Wachunguzi walimwomba mwenye picha ajitokeze. Siku mwendesha mashtaka alipokaa mbele ya waandishi, picha hiyo ilikuwa bado haijamfikia.

Naona hapa pana jambo zito kuliko linavyoonekana. Picha iliyosimuliwa na haijaonwa na mchunguzi haina uzito wowote, hata ikitajwa na gazeti gani. Kwa siku kadhaa mamilioni ya watu waliamini wanajua kasi ya Schumacher kwa sababu ya rekodi ambayo hakuna mchunguzi aliyekuwa ameishika mkononi. Wakati huo huo rekodi halisi ilikuwa tayari mikononi mwa askari, na walikuwa wanaitazama picha moja moja.

Dakika mbili za filamu

Tarehe 8 Januari 2014, Patrick Quincy, mwendesha mashtaka wa Albertville, mji wa eneo hilo, alizungumza na waandishi akiwa na wakuu wa askari wa milimani. Alisema kamera ya helmeti ilikuwa imerekodi karibu dakika mbili, na kwamba picha zilisomeka vizuri. Kutokana na filamu hiyo, pamoja na ukaguzi wa eneo na maelezo ya mashahidi, walieleza njia nzima ya kuanguka: alipotoka kwenye njia, alipogonga, alipotua.

Mambo kadhaa yalifungwa siku hiyo. Ilionekana kwamba alitoka njiani mwenyewe, wala hakurushwa nje na ajali iliyoanzia ndani. Kasi, alisema Quincy, haikuwa jambo kubwa katika uchunguzi. Alikuwa akiteleza kama mtu anayeujua mchezo, kwenye mteremko wenye ugumu wa kawaida. Ski hazikuwa chanzo. Alama za mpaka wa njia zilikuwa sawa na kanuni za Ufaransa. Tarehe 17 Februari ofisi yake ilifunga jalada, ikisema hakuna mtu aliyetenda kosa.

Sasa iondoe kamera kwenye kisa hiki. Kungebaki alama za ski kwenye theluji, ambazo waokoaji na upepo hufuta haraka, na kungebaki mashahidi. Shahidi wa karibu kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 14 aliyemwona baba yake akianguka. Maswali ya kasi, ya uzembe, ya nani alaumiwe, ya bima, yote yangeegemea kumbukumbu ya kijana yule. Kamera ilimtua mzigo huo. Iliwatua pia wafanyakazi wa mlima, ambao dunia nzima ilikuwa imeanza kuwanyooshea kidole. Katika mabishano yote kuhusu kamera hiyo sijaona jambo hili likipewa nafasi yake, na mimi naliona ndilo kubwa.

Hata hivyo filamu ya aina hii ina mipaka, na anayeitumia kama ushahidi, au kama kumbukumbu ya likizo tu, aijue. Lenzi za kamera hizi ni pana mno. Huchukua mandhari kubwa, na kwa kufanya hivyo huusogeza mbali mteremko na kuulaza. Mlima uliokutetemesha magoti unaonekana kwenye skrini kama uwanja ulioinama kidogo. Vitu vya katikati vinaonekana kuja polepole, vya pembeni vinapita kama risasi. Ndiyo maana huwezi kukisia kasi kwa macho kwenye picha hizo, inabidi kupima umbali kati ya alama zinazojulikana mlimani na kuhesabu picha. Na ndiyo maana pia watu wengi hurudi kutoka matembezi ya kwanza wakiwa na picha zinazowavunja moyo, kisha kesho yake wanatafuta mahali penye mteremko mkali zaidi ili angalau skrini ionyeshe kitu. Tamaa hiyo ndiyo ninayoiogopa.

Je, kamera ilimdhuru?

Hapa lazima twende polepole, maana hapa ndipo watu huchanganya kinachowezekana na kilichothibitishwa.

Helmeti ya skii hufanya kazi kwa njia mbili. Ganda lake gumu la nje hupokea pigo na kulitandaza eneo kubwa, na povu gumu la ndani hupondeka na kumeza nguvu kabla haijafika kwenye fuvu. Zaidi ya hapo, ganda ni laini na la duara kwa makusudi, ili kichwa kikigusa barafu kiteleze na kisikwame. Kikikwama, mwili unaendelea mbele na kichwa kinazungushwa ghafla, na mzunguko wa ghafla huumiza ubongo hata pale fuvu linapobaki zima. Kanuni ya Ulaya inayopima helmeti hizi, EN 1077, huiangusha helmeti kwenye chuma na kupima mshtuko unaofika ndani. Huiangusha kama ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo unapobandika kishikio na kamera juu yake, unatembea na kitu ambacho hakipo kwenye cheti kilichokuja na boksi.

Kinadharia, basi, kamera inaweza kuharibu kazi zote mbili: kukusanya pigo sehemu moja badala ya kulitandaza, na kuwa ndoano mahali panapotakiwa kuteleza. Ipo pia hoja ya upande wa pili. Kishikio kinachong'oka haraka huondoka na kamera kabla ya kufanya lolote, na kamera yenyewe ikipondeka humeza sehemu ya nguvu. Majibu hutegemea pigo limetua wapi, kwa pembe gani, na kishikio ni cha namna gani.

Mapema mwaka 2014 magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba chuo cha taifa cha skii na upandaji milima cha Ufaransa, ENSA, kilichopo Chamonix, kilifanyia majaribio swali hili hili: helmeti ilivunjika, je, kitu kigumu kati ya kichwa na mwamba kilichangia? Sijaona matokeo kamili yakitolewa hadharani, na jalada la Albertville lilifungwa bila mtengenezaji yeyote kushtakiwa.

Kisha Oktoba mwaka huo mwandishi wa michezo wa Ufaransa, Jean-Louis Moncet, alisema redioni, akigusia mazungumzo na mtoto wa Schumacher, kwamba tatizo halikuwa pigo lenyewe bali kamera iliyofungwa kwenye helmeti. Hisa za GoPro, kampuni inayotengeneza kamera za aina hii na iliyokuwa imeingia soko la Nasdaq miezi michache tu nyuma, zilishuka karibu asilimia 10 kwa siku moja. Baadaye Moncet alifafanua kuwa alikuwa ametoa maoni yake mwenyewe, si maneno ya kijana. Ufafanuzi haukufika mbali kama kauli ya kwanza. Muulize leo mtu yeyote anayefuatilia langalanga, atakujibu kwa kauli ya kwanza.

Hukumu yangu ni hii. Hatuna msingi wa kusema kamera ilimdhuru Schumacher. Tuna msingi wa kutosha wa kusema usiifunge kamera juu ya helmeti. Kauli hizi mbili hazipingani. Kwa ya kwanza tunahitaji ushahidi wa tukio moja, nao haujawekwa wazi. Kwa ya pili inatosha kujua helmeti inavyofanya kazi, na kwamba haikupimwa ikiwa na mzigo. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, haliruhusu helmeti za mashindano kuwa na kingo zinazochomoza. Kama wanamichezo wa daraja la juu, kwenye njia iliyosafishwa na kuzungushiwa nyavu, hawaruhusiwi kitu kinachochomoza kichwani, mtalii wa wiki moja ana sababu gani ya kukivaa?

Basi iwekwe wapi?

Mkanda wa kifuani una faida ya kutogusa kichwa, na unaonyesha mikono na ncha za ski, jambo linaloipa picha uhai. Lakini anayeanza skii huanguka kifudifudi mara nyingi, na kipande cha plastiki ngumu juu ya mfupa wa kifua si jambo la mchezo. Fimbo ya mkononi ni mbaya zaidi kwa asiyezoea: inakunyang'anya mkono unaohitajika kwa fimbo ya skii, na ukianguka unayo silaha karibu na uso. Kwa mtu wa likizo mimi naona bora kamera ikae mfukoni wakati wa kuteremka, na itolewe mtu akiwa amesimama.

Picha nzuri za skii huchukuliwa na aliyesimama. Mtu mmoja anatangulia, anasimama pembeni chini ya mteremko, wengine wanateremka kumjia. Anapata nyuso, anapata vumbi la theluji likiruka, anapata mlima nyuma yao. Kamera ya kichwani haimwonyeshi hata siku moja yule aliyeivaa. Familia inarudi nyumbani na saa nzima ya picha ambamo mama hayumo, kwa sababu ndiye aliyevaa kamera.

Kusimama nako kuna kanuni. Kanuni kumi za mwenendo za FIS, ambazo mahakama za Ulaya huzitumia kupima nani alikosea, zinakataza kusimama mahali pembamba au pasipoonekana na anayetoka juu. Chini ya kilima kinachoziba macho, nyuma ya kona, katikati ya njia: hapo mpiga picha aliyepiga goti haonekani hadi mtu yuko juu yake. Simama pembeni, juu au mbali kabisa na kona, na ukimaliza tazama juu kabla ya kuondoka.

Baridi nayo ina mambo yake, na waliopanda Kilimanjaro wanayajua: simu iliyokuwa na chaji nusu pale kambini inazimika ghafla Uhuru, kisha inawaka tena ikipashwa joto. Betri haijaisha. Baridi inapunguza kasi ya kemia ndani yake, umeme hautoki kwa nguvu inayotakiwa, na kifaa kinajizima. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Jioni, kabla ya kuingia chumba chenye joto, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje. Unyevu wa chumba utageuka matone kwenye plastiki, si kwenye lenzi. Na kwa kuwa kamera hujaribu kuufanya weupe wote kuwa kijivu, ongeza mwanga kwenye mpangilio wa kamera kati ya hatua (stop) moja na mbili, la sivyo theluji itatoka kama saruji.

Picha ni ya nani baada ya ajali

Filamu ya Méribel haikutolewa kwa umma. Wachunguzi waliitazama, wakaeleza kilichomo kwa maneno, na hadi leo hakuna gazeti lililoichapisha. Naunga mkono uamuzi huo moja kwa moja. Umma ulikuwa na haki ya kujua kama mlima ni salama na kama kuna aliyevunja sheria, na maelezo yaliyojibu hayo yalitolewa. Kumwona baba wa watu akianguka hakukuongeza kitu kwenye majibu hayo.

Lakini njaa ya picha haikutulia. Katika siku za mwanzo pale Grenoble, Kehm alisimulia kwamba mwandishi mmoja alijaribu kukifikia chumba cha mgonjwa akiwa amevaa kama kasisi. Schumacher alihamishiwa Lausanne Juni 2014, na Septemba akapelekwa nyumbani kwake kando ya Ziwa Geneva, na tangu hapo familia imefunga mlango. Hata hivyo, Februari 2025, mahakama ya Wuppertal nchini Ujerumani iliwatia hatiani wanaume watatu kwa kushiriki jaribio la kuilazimisha familia ilipe euro milioni 15, la sivyo picha zake zingewekwa mtandaoni. Zilikuwa picha za familia kiasi cha 900 na video karibu 600. Mmoja wa waliohukumiwa alikuwa amewahi kufanya kazi ya ulinzi nyumbani hapo. Kila picha kati ya hizo ilichukuliwa kwa ajili ya watu wa ndani.

Kwetu wa kawaida, jambo la namna hii hutokea kwa kiwango kidogo na kwa haraka zaidi. Mtu anaanguka vibaya mlimani, na kabla helikopta haijafika, video iko kwenye kundi la WhatsApp, na dada yake aliye Mombasa au Muscat anaiona kabla hajapigiwa simu. Ukiwa umerekodi ajali, acha kurekodi ukasaidie: zuia njia juu ya majeruhi kwa ski mbili zilizochomekwa kama msalaba, na piga 112, namba inayofanya kazi Ulaya yote. Usifute wala kukata kitu kwenye rekodi, hata ile sehemu inayokuonyesha wewe vibaya. Toa kadi kwenye kamera, iweke mbali, na askari wa mlimani au bima wakiomba, wape nakala kamili tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine wote wakiiomba, aulizwe kwanza majeruhi, na kama hawezi kusema, waulizwe watu wake wa nyumbani.